Una nini nyumbani mwako?



Jumamosi moja jioni nilikuwa mezani nikiandaa mahubiri ya Dominika, ukaingia ujumbe kwenye simu yangu. Namba siijui. Ujumbe ulitaja jina kamili la mtu, ukasema ni mdaiwa sugu, ukasema mimi ni mtu wake wa karibu, na kwamba nimwambie alipe siku hiyo hiyo kabla hatua hazijachukuliwa. Jina lile nalifahamu. Ni la baba mmoja wa parokiani kwangu, mwanakwaya, mwenyekiti wa Jumuiya Ndogo Ndogo ya mtaani kwake. Nikahesabu Dominika zilizopita, nikaona ya nne sasa sijamwona kanisani.

Baadaye nilijua kwamba ujumbe ule ulimfikia shemeji yake, fundi wake wa pikipiki, mwalimu wa mwanawe na nusu ya kwaya.

Jumatatu nilikwenda kumtembelea. Alinipokea uani, hakunikaribisha ndani. Akasema, "Baba Paroko, naona aibu hata kukutazama." Nikamjibu kwamba mahali alipo mimi nimewahi kupita. Hakuniamini. Alidhani nasema maneno ya kichungaji ya kumfariji. Basi tulikaa kwenye benchi nikamsimulia, na kwa ruhusa yake leo nakusimulia na wewe.

Miaka ishirini na kitu iliyopita askofu wangu alinituma Marekani kusoma. Nilikuwa padri kijana, nimetoka seminari kuu ya Kipalapala kichwa kimejaa teolojia. Nilikuwa nimefanya mtihani wa maadili juu ya riba na nikafaulu vizuri. Nilipofika kule haikupita muda mrefu ikaja barua kwamba nimekubaliwa kupewa kadi ya mkopo yenye kikomo cha dola 1,000. Niliona fahari. Nilijiambia, kumbe watu hawa wananiamini.

Hapa nieleze jambo ambalo wengi wetu tunalichanganya. Kadi ambazo wengi tunatembea nazo hapa Tanzania, zile za kutolea pesa kwenye mashine ya ATM, zinatoa pesa yako mwenyewe iliyo kwenye akaunti. Ikiisha, mashine inakukatalia. Kadi ya mkopo haigusi pesa yako. Kila unapoipitisha dukani, benki inamlipa mwenye duka, nawe unabaki unadaiwa na benki. Mwisho wa mwezi wa hesabu inakuja taarifa yenye orodha ya ulivyonunua, jumla ya deni, tarehe ya mwisho ya kulipa, na kiwango cha chini unachotakiwa kulipa.

Ukilipa jumla yote kabla ya tarehe ile, kwa kawaida hutozwi riba yoyote juu ya manunuzi yako. Siku hizo za katikati, kwa Kiingereza chao, wanaziita siku za neema. Nilipoliona neno hilo nilitabasamu, kwa sababu neema tuliyofundishwa sisi haina tarehe ya mwisho. Hii inayo. Ukibakiza sehemu ya deni, riba inaanza kuhesabiwa siku kwa siku, na mara nyingi hata vitu vipya utakavyonunua mwezi unaofuata vinatozwa riba tangu siku ya kuvinunua. Ukichelewa, kuna faini. Na ukitumia kadi ile kutoa fedha taslimu, unakatwa ada papo hapo na riba inaanza siku ile ile, bila neema yoyote.

Mimi sikuyajua hayo. Nilinunua koti la baridi, nikanunua vitabu. Kisha dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani kwamba watoto wamerudishwa shule kwa ajili ya ada. Nikaenda kwenye mashine, nikatoa fedha taslimu kwa kadi, nikazituma. Nilijiona mjomba mwema. Miezi michache baadaye deni lilikuwa limefika kwenye kikomo, dola 1,000, na taarifa ikasema malipo ya chini ni dola 30. Nikashusha pumzi, maana dola 30 nilikuwa nazo. Nikalipa nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Mwezi uliofuata nikalipa tena. Na tena. Kila nikitazama deni, ni kama halijaguswa. Sikumwambia mtu. Bahasha za benki nilizitia kwenye droo bila kuzifungua, chini ya soksi. Padri anayedaiwa! Ningemwambia nani?

Aliyenigundua alikuwa mama mmoja mjane wa makamo, aliyekuwa akihesabu sadaka katika parokia nilikosaidia Misa za mwisho wa wiki. Aliiona bahasha mkononi mwangu, akaniuliza bila kuzunguka kama nalipa yote au nalipa kile cha chini. Nilipomjibu, alinikalisha kwenye meza ya jikoni ya nyumba ya mapadri, akachukua kalamu na kugeuza upande wa nyuma wa tangazo la parokia.

Akaandika hivi. Riba ya kadi yako ni asilimia 24 kwa mwaka, maana yake asilimia 2 kwa mwezi. Asilimia 2 ya dola 1,000 ni dola 20. Wewe unalipa 30. Kati ya hizo, 20 ni riba na 10 tu ndizo zinazopunguza deni. Ukiendelea kulipa 30 kila mwezi, bila kununua hata peremende, utamaliza baada ya miezi 56, karibu miaka mitano, na utakuwa umelipa riba ya zaidi ya dola 660. Ukilipa 60, utamaliza kwa miezi 21 na riba itakuwa kama dola 230. Ukiweza 100, ni mwaka mmoja. "Na ukilipa 20," akasema, "utalipa mpaka parapanda ilie."

Mpendwa msomaji, nilikuwa na shahada ya teolojia na sikuwa nimepiga hesabu ile. Kile kiwango cha chini si dhamira ya benki kukuhurumia. Ni kiasi kinachokuweka ndani ya deni ukiwa na amani. Marekani wenyewe waliliona hilo, na sheria ya mwaka 2009 ikazilazimu benki kuandika kwenye taarifa ya kila mwezi itakuchukua muda gani kumaliza deni ukilipa kiwango cha chini peke yake. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo kabla ya sheria hiyo. Sheria yangu ilikuwa yule mama na kalamu yake.

Kuna kisa katika Maandiko ambacho tangu siku ile nakisoma kwa macho mengine. Kipo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya ya 1 hadi ya 7. Mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii anamlilia nabii Elisha. Mumewe alikuwa mcha Mungu, amekufa na kuacha deni, na mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Zingatia hilo: mcha Mungu alikufa na deni. Kudaiwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwovu.

Elisha hamuulizi anadaiwa kiasi gani. Hamgombezi marehemu. Anamuuliza ana nini nyumbani. Mama anajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta. Ndipo nabii anamtuma akaazime vyombo vitupu kwa majirani, vingi, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yakajaza vyombo vyote. Na nabii akampa utaratibu ambao mhasibu yeyote angeukubali: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni kwanza, matumizi baadaye.

Tazama pia kwamba katika kisa hiki kuna mikopo miwili. Mmoja unataka kuwala watoto. Mwingine ni wa majirani, wanaoazimisha vyombo bila kudai chochote juu yake. Mungu alifanya muujiza wake ndani ya vyombo vya majirani.

Kadi ya mkopo na wenzake wote wanatufundisha swali lililo kinyume na la Elisha. Linatufundisha kuuliza naruhusiwa kukopa kiasi gani. Kikomo kinapopanda tunafurahi kana kwamba mshahara umepanda. Mwaka 1958, katika mji wa Fresno huko California, Bank of America ilituma kadi za mkopo zipatazo 60,000 majumbani kwa watu ambao hawakuziomba. Haikuwa na haja ya kusubiri mtu awe na shida. Mwaka 1970 sheria ya Marekani ikakataza kumtumia mtu kadi ambayo hakuiomba. Lakini tabia ile haikufa. Sisi leo hatuletewi kadi mlangoni. Tunaletewa ujumbe saa tano usiku, kwamba tumefuzu kupata mkopo, bonyeza hapa.

Kwa maana wengi wetu hatuna kadi ya mkopo ya benki, ila ndugu yake tunalala naye chini ya mto. Ni simu. Kuna huduma za kukumalizia pesa pale salio lisipotosha, kuna mikopo ya wiki moja na ya mwezi mmoja, kuna programu zinazotaka tu namba ya kitambulisho na ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Mtaani tumeshaipa mikopo ya namna hii jina: kausha damu.

Tupige hesabu ya yule mama kwa shilingi. Umekopa 100,000 kwa mwezi mmoja, ada ni asilimia 10. Unaona ni 10,000 tu, nauli na vocha. Mwezi ukiisha huna 110,000, una 10,000. Unalipa ada, unakopa tena ile ile. Ukifanya hivyo kwa mwaka mzima umelipa 120,000, na ile 100,000 bado unadaiwa yote. Hujapunguza hata shilingi. Ni dola zangu 20 kwa sura nyingine, na makali yake yamezidi mara tano.

Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikieleza kwamba riba ya wakopeshaji wadogo wenye leseni isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja, hiyo ni 3,500. Novemba 2024 ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, uliza kama huyu anayekukopesha ana leseni. Anayeanza kwa kujificha hatamaliza kwa kukuonea huruma.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kumtupia mdaiwa mzigo wote. Maandiko yanamwekea masharti mkopeshaji pia, tena makali. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linamtaka mwenye kukopesha asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchukua rehani, bali asimame nje asubiri aletewe. Na kama rehani ni vazi la maskini, alirudishe kabla jua halijatua ili maskini apate cha kujifunika. Mungu anajali hata mlango wa mdaiwa. Sasa huyu anayeingia ndani ya simu ya mtu, akachukua majina ya ndugu zake na kumvua nguo mbele ya kwaya nzima, amesimama wapi? Nehemia, sura ya 5, aliwakemea hadharani wakubwa waliochukua mashamba ya ndugu zao kwa sababu ya madeni, akawataka warudishe. Na Papa Benedikto wa 14, katika waraka wake wa mwaka 1745, alifundisha kwamba kudai zaidi ya ulichotoa kwa sababu tu umekopesha ni dhambi ya riba, ingawa alikubali kwamba zipo sababu nyingine halali za kudai malipo.

Kanisa halikuishia kukemea. Mwaka 1462, huko Perugia, Italia, kulianzishwa kwa msaada wa Wafransisko mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani ili wasiangukie mikononi mwa wala riba. Mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ulikubali mifuko hiyo itoze kiasi kidogo cha kugharamia uendeshaji, bila kutafuta faida. SACCOS na VICOBA vyetu vikiendeshwa kwa uaminifu vinafanya kazi ya vile vyombo vya majirani.

Basi nifanye nini, Padri? Nakupa mambo manne niliyojifunza kwenye meza ile ya jikoni.

La kwanza, kama una kadi ya mkopo au huduma ya simu ya namna hiyo, itumie kwa kile tu ambacho pesa yake tayari unayo au una hakika nayo kabla ya tarehe ya kulipa, na ulipe yote. Anayelipa yote kwa wakati anaitumia kadi. Anayelipa kile cha chini anatumiwa na kadi.

La pili, usikope kwa kadi wala kwa simu ili upate fedha taslimu za harusi, kitchen party, sare ya kwaya au mchango wa heshima. Yesu katika Luka 14:28 anamsifu mtu anayekaa kwanza akahesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Mnara usiokwisha unachekwa, na sherehe iliyolipwa kwa kausha damu hulipiwa kicheko mwaka mzima.

La tatu, kama tayari umezama, acha kukopa mpya kulipia ya zamani. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, kila moja na riba yake. Lipa kidogo kidogo kote ili usitozwe faini, kisha nguvu yako yote ielekeze kwenye lile lenye riba kubwa kuliko yote. Likiisha, hamia linalofuata. Na kabla tarehe haijapita, nenda mwenyewe kwa mkopeshaji mkapange upya. Yoshua bin Sira, sura ya 29, anawasema watu wanaobusu mkono wa mkopeshaji kabla ya kupewa, na siku ya kulipa wanatafuta visingizio. Tusiwe hao.

La nne ndilo gumu. Mwambie mwenzako wa ndoa. Elisha alimtaka yule mama ajifungie ndani pamoja na wanawe. Hesabu ya deni ilifanywa na nyumba nzima. Nimekaa na wanandoa wengi ofisini, na mara nyingi kilichowaumiza kuliko fedha ni kugundua kwamba mmoja alikuwa anajua miaka miwili na mwingine anapika bila habari.

Narudi uani kwa yule baba. Nilipomaliza kusimulia, alikaa kimya, kisha akamwita mkewe. Alikuwa hajamwambia, ingawa ujumbe ulishamfikia shemeji. Mama alikuja, akasikiliza, akalia, halafu akaingia ndani akatoka na daftari la mtoto. Tukaandika. Yalikuwa madeni matano, mawili ya wakopeshaji ambao hata ofisi zao hazijulikani. Nikamuuliza swali la Elisha. Akasema hana kitu. Mkewe akasema, "Na ile mashine ya kuchomelea uliyoifungia stoo tangu ulipoacha kazi?"

Haikuwa muujiza, na sitaki udhani ilikuwa hivyo. Mashine ilihitaji matengenezo, na jumuiya ile ile aliyokuwa akiikimbia ikamwazima fedha ya vipuri kutoka kwenye mfuko wao bila riba. Bado anadaiwa. Madeni mawili yameisha, la tatu linaelekea ukingoni. Dominika iliyopita nilimwona kwenye kwaya, mstari wa nyuma, anaimba besi.

Nakuomba jambo moja la mwisho. Siku ujumbe wa namna ile ukiingia kwenye simu yako, na una jina la mtu unayemjua, usiupeleke kwenye kundi la WhatsApp. Ufute. Kisha nenda kamtembelee mwenye jina. Yule aliyetufundisha kumwomba Baba atusamehe kama nasi tunavyosamehe hakutuita tuwe wapiga debe wa wadai. Na kama jina ni lako, fungua droo, toa bahasha, kaa mezani na mwenzako. Anza na kile mlicho nacho nyumbani.